Mwaka wa Kofia ya Yustina

Mama Mdogo Filomena alifariki Jumanne alfajiri kule Dumila, na ilipofika saa nne asubuhi ukoo ulikuwa umekubaliana kwamba azikwe kwao Matombo. Simu nilipiga mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa katika watoto wa marehemu dada yake, na kwa sababu kazi za namna hiyo huniangukia bila mtu kuniuliza. Nilipiga kwa wote, nikamwacha Tina mwisho. Tina ni mdogo wetu wa mwisho, jina lake la ubatizo ni Yustina, yuko chuoni Dodoma. Nilipomwambia akasema, "Poleni, dada." Alilitoa neno hilo kama mtu anayempa pole jirani, kana kwamba yeye si mfiwa. Nikamuuliza atafika lini. "Siji," akasema. Nikamwita jina. Akasema, "Yule mama siendi kumlilia, dada. Unajua mwenyewe kwa nini." Nilijua. Nilijua kuliko yeye, na nilikuwa nimekaa na ninalolijua tangu yeye hajaanza kutambaa. Nilikata simu nikaendelea kukunja kanga za kwenda nazo msibani, moja juu ya moja, kingo zikilingana, kama nilivyozoea.

Ule mwaka nilikuwa na umri alio nao Tina sasa. Habari za wazazi wetu nitaziacha. Itoshe kwamba baba alitangulia, na mama alifariki juma lile lile alipomzaa Tina, ambaye alikuja kabla ya wakati, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja. Alikaa wodini muda mrefu, akilazwa ubavu mmoja kwa sababu ya mipira iliyokuwa puani, na nilipokabidhiwa kichwa chake kilikuwa bapa upande wa kulia nyuma, sikio la upande huo limesogea mbele, na shingo ilikuwa imekaza, haigeuki. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nafua mashuka ya nyumba moja ya wageni mjini Morogoro, karibu na stendi. Wadogo zetu wawili wa kiume walichukuliwa na Mjomba Damas, kaka yake mama, wakaishi naye Matombo. Kwetu Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Siku ya kuondoa matanga alisema mbele ya watu wote: "Kachanga kakae na Resti kwa sasa, maana kamemzoea. Lakini nikisikia kanaumwaumwa, Filo anakachukua." Resti ni mimi, na Filo alikuwa Mama Mdogo Filomena. Alikuwa ameolewa Dumila na hakuwa na mtoto. Nilimtazama aliposikia maneno yale. Alikuwa anamenya ndizi, na kisu chake kilisimama. Nilikiona kikisimama, nikaweka moyoni.

Chumba chetu kilikuwa Mwembesongo, nyuma ya nyumba ya Mama Zaituni. Kilikuwa na kitanda kimoja, meza yenye mguu uliofungwa kwa mpira, dirisha la wavu, na ukuta ambao mpangaji wa kabla yetu aliupaka rangi ya bluu hadi nusu, kisha ama rangi ilimwishia au alihama. Nikilala nilikuwa naiangalia ile nusu ya juu na kujiuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Asubuhi tulikunywa uji, jioni ugali wa dona kwa mchicha, na Mjomba akituma mkungu wa ndizi tulizila hadi zinaanza kunuka. Joto la chumba lile sijaliona tena mahali pengine. Milima ya Uluguru iko pale pale, unaiona ukitoka mlangoni, kijani na ukungu wake, lakini ubaridi wake haukuwahi kushuka hadi kwetu.

Tina alipofika miezi mitano, nesi wa kliniki alitutuma kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya hospitali, mahali wanapotengeneza miguu ya bandia. Huko nilimkuta Fundi Gervas, mtu mfupi anayenuka gundi, ambaye alikuwa amejifunza nje kutengeneza kofia za kunyoosha vichwa vya watoto. Alimgusagusa Tina kichwa kwa vidole vyake vigumu, Tina akamcheka. Akasema atamtengenezea kofia, ataivaa usiku na mchana kwa miezi kadhaa, na kichwa kikikua kitajaza ule upande ulioachwa wazi ndani. Nikauliza bei. Akasema hakuna, yeye anataka tu kumpiga picha za kichwa kila mwezi aone maendeleo. Nilisimama nikambeba mtoto wangu. "Picha za nini?" nikauliza. "Za kichwa," akasema. "Unataka ziwe za miguu?"

Nilimwambia Mama Zaituni, mwenye nyumba wetu, Mluguru wa mjini ambaye alikuwa akiswali sala tano na kusengenya katikati ya sala. Alikaa kwenye kigoda chake akichambua mchele, akanisikiliza hadi mwisho. "Kitu cha bure, halafu picha," akasema. "Hao wanampima akili. Wakimaliza wanampeleka Ulaya kwenye maonyesho." Nikamwambia asinitanie. "Sitanii. Na wewe utapanda ndege, maana hataenda peke yake. Usisahau jirani." Alicheka, lakini mimi sikucheka, na usiku ule nilikaa nikihesabu kila mtu aliyewahi kutupa kitu tangu mama afariki na kile alichotaka baadaye. Mwishowe nilienda kwa sababu moja tu: Tina alikuwa akilala, kichwa kilirudi chenyewe kwenye ule ubapa, kama bakuli linavyotulia mezani, na niliona kwamba kila siku ninayosita kinazidi kukaa hivyo.

Kofia ilikuwa ya plastiki nyeupe ngumu, ndani ina sponji, pembeni ina mkanda wa kunata kama ule wa viatu vya watoto. Fundi Gervas alinikalisha akanipa masharti, nami niliyaandika nyuma ya kalenda kwa sababu sikutaka aje kusema hakuniambia. Siku ya kwanza avae saa moja, apumzike saa moja, ya pili avae saa mbili, na kuendelea hivyo hadi azoee. Baadaye avuliwe mara moja tu kwa siku, wakati wa kuoga, kwa muda wa saa nzima. Kichwa kioshwe kwa sabuni ya kawaida, kikaushwe kabisa, hata nyuma ya masikio. Asipakwe mafuta kichwani, wala poda, wala losheni, kwa sababu vikikaa chini ya kofia vinaziba ngozi na jasho halitoki. Nywele zikizidi zipunguzwe kwa mkasi, wembe usitumike. Avalishwe nguo nyepesi. Kofia ifutwe ndani kila siku kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, halafu kitambaa cha maji matupu, halafu ikaushwe kivulini penye upepo. "Ukiivua utaona wekundu," akasema. "Usiogope wekundu. Tazama saa. Ukipotea ndani ya saa moja, ngozi iko salama. Usipopotea, mvue, usimvalishe tena, uje kwangu siku hiyo hiyo." Nikamuuliza kwa nini kivulini. Nikamwambia mimi ni mfuaji, shuka la kivulini linavunda. "Hili siyo shuka," akasema.

Niliyafuata yote. Wakati huo nilikuwa sijamwamini mtu yeyote, lakini kazi niliyokwisha kuikubali sikuwa naifanya nusu. Nilikuwa na simu ndogo ya tochi, naitumia kama saa. Jioni nikirudi kutoka kufua nilimvua Tina kofia, namweka kitandani juu ya kanga, kichwa chake kimelowa jasho kina harufu ya maziwa yaliyochacha, na ule wekundu uko pale pale kwenye paji na nyuma, ambapo kofia inambana ili ifanye kazi. Nilimwosha, nikamkausha, nikakaa kumwangalia. Wekundu ulikuwa unaondoka polepole kama maji yanavyokauka sakafuni, ukingo kwanza. Kofia niliitundika kwenye msumari karibu na dirisha. Majuma matatu ya kwanza ngozi ilikuwa safi, na Fundi Gervas alipiga picha zake akasema, "Una mkono mzuri." Nilijiuliza anataka nini.

Kwa kuwa nilishinda kazini, Mama Mdogo Filomena alikuwa amekuja kutoka Dumila kukaa na Tina mchana. Alikuja na mfuko wa vitunguu na nyanya za barabarani kwao, na magoti yake mabovu, ambayo kila asubuhi aliyapaka mafuta ya nyonyo akiyaimbia kama watoto. Chumba kizima kilinuka nyonyo. Alilala chini kwenye mkeka, hakukubali kitanda. Alipika vizuri kuliko mimi, nyanya zake zilikuwa zinaiva hadi zinakuwa kama uji mzito, na nilikula nikimwangalia. Kofia hakuipenda. "Utosi wa mtoto unataka mafuta, Resti," alikuwa akisema. "Sisi wote tulipakwa. Utosi ukikauka mtoto ananyong'onyea." Nikamsomea kalenda. "Nimesikia," akasema. "Fundi amesema. Basi fundi aje ambembeleze usiku." Lakini alimvalisha na kumvua kama nilivyomwonyesha, na hakukosea mkanda.

Siku moja niliwahi kurudi kwa sababu maji yalikatika kule nyumba ya wageni. Nilimsikia kabla hajaniona. Alikuwa anaongea na mume wake kwa simu, mgongo umeelekea mlango. "Huku mtoto hatakaa muda mrefu," alisema. "Joto gani hili. Wewe tengeneza kile chumba cha nyuma." Nilirudi hatua mbili, nikapiga hodi kama mgeni. Alinikaribisha, akaniuliza mbona mapema. Sikumuuliza chumba cha nyuma ni cha nani. Leo nikiyarudia maneno yale naona yanaweza kuwa ya mtu anayepanga kutukaribisha sote, mimi na mtoto, tukakimbie lile joto. Wakati ule niliyasikia kwa namna moja tu.

Jioni ile ile nilipomvua Tina kofia niliinusa. Ilinuka nyonyo. Nikainusa tena, nikanusa kichwa cha Tina, nikanusa mikono yangu mwenyewe. Mama Mdogo alikuwa nje anakoroga ugali, anapiga soga na Mama Zaituni kuhusu mwanamke fulani aliyeolewa mara tatu. Sasa ninajua kwamba katika chumba kile hata chumvi ilinuka nyonyo, na kofia ilikuwa imetundikwa hatua moja kutoka alipokuwa akipaka magoti mafuta. Lakini nilichokiona mimi ni mtego mzima umekamilika: atampaka mafuta kidogo kidogo nisipokuwepo, ngozi itaharibika, Mjomba atasikia mtoto anaumwa, na Filo atamchukua kwa amri. Sikumwambia kitu. Kuanzia siku iliyofuata niliacha kuvua kofia jioni. Nilipanga kumwogesha Tina alfajiri na tena mchana, nikija mbio kutoka kazini wakati wenzangu wanakula, na kofia nikaifua mwenyewe kwa sabuni ya unga, kwa nguvu, kama ninavyofua foronya zilizopakwa wanja. Kisha, ili mikono ya mtu isiifikie, niliipandisha juu ya bati la bafu lililokuwa uani. Mama Mdogo asingeweza kupanda kwenye pipa na magoti yale. Na jua la saa saba la Morogoro, nilijiambia, litamaliza kila kitu alichokipaka.

Maisha yangu yote nimeamini jua. Mama alianika godoro juani mtu akiumwa, alianika vyombo, alianika hata daftari zetu zikilowa. Mfuaji asiyeamini jua aache kazi. Nilipoichukua kofia ilikuwa ya moto kiasi cha kuihamisha mkono hadi mkono, imekauka inapiga kelele ukiigonga, na nilihisi kwamba sasa ndiyo safi. Siku ya tatu Tina alianza kulia nikimvalisha. Siku ya nne nikaona wekundu nyuma ya sikio la kulia ambao haukuondoka. Nilitazama simu saa moja ikapita, saa mbili zikapita. Sharti lilikuwa limeandikwa nyuma ya kalenda kwa mwandiko wangu mwenyewe: usimvalishe, uje siku hiyo hiyo. Sikuenda. Niliogopa kwamba Fundi Gervas ataandika mahali kwamba mlezi ni mzembe, na karatasi hiyo itatembea hadi kwa Mjomba. Nilizidisha sabuni. Nilizidisha jua. Siku ya tisa ule wekundu ulipasuka ukawa kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati.

Mjomba Damas aliingia Jumapili, baada ya misa, na mkungu wa ndizi begani. Sijui nani alimwambia. Nilimshuku Mama Zaituni, nikamshuku Mama Mdogo, nikamshuku hata kondakta wa gari la Matombo. Tulimwamkia, akakaa kwenye kitanda, tukakaa mbele yake kwenye mkeka, mimi na Mama Mdogo, Tina akiwa mapajani kwangu bila kofia. Mjomba alikuwa mtu wa sauti ya chini siku zile, ulilazimika kuinama umsikie. Alimgeuza mtoto sikio, akatazama muda mrefu. "Hiki ni nini?" akauliza. Nikamvutia Tina kanga. "Nauliza tena. Nilisema nini siku ya matanga?"

"Ulisema akiumwa achukuliwe," nikasema.

"Enhe."

"Amepakwa mafuta, Mjomba. Fundi alikataza mafuta. Kofia inanuka nyonyo, chukua unuse. Mimi nashinda kazini. Anayepaka nyonyo humu ndani ni mtu mmoja."

Mjomba aliinusa kofia. Ilikuwa imekaa usiku mzima ndani ya chumba kile, kwa hiyo ilinuka. Akamgeukia dada yake. "Filo, ulimpaka?"

Mama Mdogo alikuwa amekaa miguu imenyooshwa kwa sababu magoti hayakunjiki. Alinitazama mimi, siyo Mjomba. Ilikuwa muda mrefu kiasi kwamba Tina alianza kuchezea ncha ya kanga yake, naye akamwachia. Kisha akasema, "Kama mtoto anasema nilimpaka, basi nilimpaka."

"Mtoto yupi?"

"Huyu," akasema, akaninyooshea kidole mimi.

Mjomba alisema arudi Dumila. Alisema mtu anayemdhuru mtoto wa dada yake kwa ukaidi hawezi kukabidhiwa, na kwamba Yustina atabaki na Restituta, neno hilo lisirudiwe tena. Nilisikia ushindi ukinipanda kama maji ya moto. Mama Mdogo alifunga mfuko wake asubuhi ya Jumatatu. Alimbusu Tina kwenye ule utosi mkavu, akamwambia Mama Zaituni kwaheri, na alipofika kwangu akasema tu, "Vitunguu viko chini ya meza. Vimeanza kuota, vitumie mapema."

Jumanne nilikwenda karakana. Sasa niliweza kwenda, kwa kuwa kidonda kilikuwa na mwenyewe. Fundi Gervas alikitazama, akaichukua kofia, akaizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Kisha alitoa kabatini kichwa cha Tina cha plasta, kile alichokitumia kuipima, akakivalisha kofia. Upande wa kushoto ilikaa. Upande wa kulia, nyuma ya sikio, ukingo ulikuwa umejikunja kuingia ndani, na sponji yake ilikuwa imesinyaa na kuwa ngumu kama ngozi ya kisigino.

"Hii ulikuwa unaianika wapi?" akauliza.

"Ndani."

"Ndani ya nini, ya tanuri?"

Nikamwambia imepakwa mafuta. Akatikisa kichwa. "Mafuta yangeleta vipele vidogo vidogo kichwa kizima, na vingekuwa vinawasha. Hiki ni kidonda cha kusuguliwa, mahali pamoja. Plastiki hii ikipata joto kali inahama. Na sponji inabaki na sabuni, naisikia harufu. Ni sabuni ya unga, siyo nyonyo." Alisubiri. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka tu kujua ili atengeneze.

"Niliianika juu ya bati," nikasema. "Siku tisa."

"Vizuri umesema. Wengine huniambia panya."

Ilikuwa rahisi kumwambia yeye, kwa sababu hakuwa na mamlaka ya kumchukua Tina. Aliupasha ukingo moto akaurudisha, akabadilisha sponji, akaniambia mtoto akae bila kofia hadi ngozi ifunge, kisha tuanze upya saa moja moja. Nilifuata. Kidonda kilifunga katika siku chache, kikaacha alama iliyo laini isiyoota nywele. Kofia alivaa hadi alipoanza kusimama mwenyewe akishika meza, na kichwa chake kilikuja kuwa kama vichwa vingine, labda siyo duara kabisa ukimtazama kutoka juu, lakini nani humtazama mtu kutoka juu. Kwa Mjomba sikwenda. Nilijiambia nitakwenda kofia ikimalizika. Halafu nikasema akiacha kunyonya chupa. Halafu akianza shule. Nilikuwa na hesabu yangu: neno la Mjomba lilimpa Tina kwangu kwa sababu ya kosa la Filo, na kosa likihama, mtoto anahama nalo. Tina alipokuwa na miaka saba, akisukwa nywele, msusi alimuuliza kile kipara kidogo cha nyuma ya sikio ni cha nini. Tina akaniuliza mimi. "Mafuta," nikasema. "Mama Mdogo alikupaka mafuta ulipokuwa mdogo." Ni sentensi fupi, nami niliitoa nikiwa napepeta mchele.

Kila msimu Mama Mdogo aliendelea kutuma vitunguu kwa basi. Tina alipokua alikataa kuvila. Mimi nilivipika nikijiuliza anachotaka. Nilimwona tena mara moja tu kwa karibu, kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa binamu yetu. Alikuwa anapakua pilau. Alinijazia sahani, akaongeza nyama, na bila kuinua macho akaniuliza, "Bati lenu lile bado linachoma vile vile?" Kijiko kilikuwa kinaendelea kupakua. Nikasema tulishahama. "Afadhali," akasema, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu. Nilikaa na sahani ile sikuila. Alikuwa ameona, basi. Siku zile zote mchana, amekaa mlangoni na mtoto mikononi, alikuwa ameniona nikipanda kwenye pipa. Nilitafuta tishio ndani ya maneno yale nisilipate, nikatafuta utani nao sikuupata, na kwa kuwa sikujua ni kitu gani, nilianza kuikwepa kila shughuli niliyosikia atakuwepo. Hadi leo siwezi kusema kama siku ile kwenye mkeka alinyamaza ili nisinyang'anywe Tina, au alichoka tu kubishana na msichana aliyekwisha kumhukumu. Nimejaribu kuamini la kwanza. Nikiliamini najiona vibaya, kwa hiyo ninashuku kwamba ndilo la kweli.

Tulimfikisha marehemu Matombo Jumatano mchana. Mtandao kule hushika juu kwenye ukuta wa misheni, basi nilipanda huko, nikasimama kati ya migomba nikampigia Tina. Nilimwambia yote, kuanzia bati hadi kwenye pilau. Hakunikatiza. Nilisikia watu wanacheka nyuma yake chuoni, na mlango ukifungwa. Alipozungumza hakulia wala hakunigombeza.

"Mjomba anajua?"

"Hajui."

"Nani anajua?"

"Fundi aliyeitengeneza. Na marehemu."

"Na mimi miaka yote hii nilikuwa simwamkii," akasema. "Akipita mbele yangu simsalimu." Halafu akasema, "Mwambie Mjomba. Ukishamwambia nipigie, ndipo nitakuambia kama napanda gari."

Nilishuka. Mjomba Damas alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba, amefunikwa koti, wanawake wako uani wanakata kabichi na kupanga masufuria. Ni mzee sana sasa. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaitikia, nikakaa chini karibu na miguu yake nikamwambia kwa sauti ndogo, kama yeye alivyokuwa akituambia sisi. Nilisema kofia niliianika mimi, na kwamba Mama Mdogo hakumpaka mtoto mafuta. Aliinama, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikii," akasema. "Masikio yamekufa haya. Paza sauti."

Nikageuka nikawaona wanawake wote uani. Mmoja alikuwa ameshanitazama. Nikapaza sauti, nikayasema tena, jina la Filomena na jina langu, bati na jua na siku tisa, na visu vikaacha kukata. Mjomba alikuwa ananitazama mdomo.

"Sema tena," akasema.